Je, Wajua? Mlango wa dereva ndio wa kukingwa kwanza

Je, wajua kwamba rangi ya gari huelekea kuwa nyembamba zaidi kwenye ukingo wa mlango? Ikiwa bado majimaji, rangi hujivuta kutoka penye ncha kali, kwa hiyo pale pale panapogonga ukuta ndipo penye kinga hafifu. Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, jambo hili lina uzito wake: Burundi magari hupita kulia, lakini mengi yaliyotoka Japani yana usukani kulia pia. Basi mlango wa dereva, usiopumzika kufunguliwa, hufungukia upande wa kuta na mawe ya mtaro.

Wapo watakaosema Ziwa Tanganyika halina chumvi, basi kutu si tishio. Chumvi huharakisha kutu tu. Chuma kilichochubuka huhitaji maji na hewa, na mvua za Bujumbura huchukua miezi mingi. Wengine huhofia kwamba ukanda wa mpira unaovishwa kwenye ukingo wa mlango kama kinga utanasa tope. Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa ukanda wenye chuma ndani. Plastiki angavu inayobandikwa kwenye ukingo uliooshwa na kukauka inafaa zaidi, na palipokwisha kuchubuka papakwe rangi kwanza.