Dola 23 kwa Kila Kichwa

Ukijaza petroli Nairobi, shilingi 25 za kila lita ni tozo ya matengenezo ya barabara. Tangu 2016 ilikuwa 18, ikapandishwa Julai 2024. California, jimbo lenye uchumi mkubwa kuliko mengine yote ya Marekani, lilianza kutoza ushuru wa senti 61.2 kwa galoni Julai 2025. Galoni yao ni lita 3.785, kwa hiyo ni kama senti 16 kwa lita. Kwa dola ya shilingi 129, hiyo ni shilingi 21 hivi. Naam, Mkenya anamzidi Mmarekani. Naacha kando kodi nyingine zinazopandia mgongo wa lita hiyo, huku na kule. Kinachowatofautisha ni wingi: California ina watu takribani milioni 39, na wengi wao hata mkate wanaufuata kwa gari.

Fedha hizo zinapotajwa kwa jumla yake, masikio yanasimama. Aprili 2017 bunge la jimbo lilipitisha sheria inayoitwa kwa kifupi SB 1, na Gavana Jerry Brown akaitia saini. Petroli iliongezwa senti 12 kwa galoni na dizeli senti 20, kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka huo. Mwaka uliofuata ikaja ada ya kila mwaka kwa magari, dola 25 hadi 175 kulingana na thamani ya gari. Matarajio yalikuwa dola bilioni 52 na ushee katika miaka 10. Novemba 2018 wapinzani waliipeleka kwa wapiga kura ifutwe, wakashindwa. Miezi mitano kabla ya hapo, wapiga kura haohao walikuwa wameweka kufuli kwenye katiba ya jimbo ili fedha hizo zisichotwe kwa shughuli nyingine.

Sasa tuzifuate hadi mtaani. Kila mwaka, dola bilioni 1.5 hivi zilipangiwa barabara kuu za jimbo, na bilioni 1.5 nyingine barabara za miji na kaunti. Watembea kwa miguu na waendesha baiskeli waliongezewa milioni 100. Fungu la miji na kaunti hukatwa katikati. Nusu ya kaunti hugawanywa asilimia 75 kwa idadi ya magari yaliyosajiliwa na asilimia 25 kwa urefu wa barabara. Nusu ya miji hugawanywa kwa vichwa vya watu, basi. Wakazi wa miji ni kama milioni 33, hivyo milioni 750 zinampa kila mmoja dola 23 kwa mwaka.

Vichwa ni kipimo rahisi, hakina ugomvi. Tatizo ni kwamba shimo la barabarani halijui sensa. Mji uliobanana, wenye ghorofa na mitaa mifupi, unapata fedha nyingi kwa kila kilomita. Mji uliotawanyika, kila nyumba na bustani yake, una lami ndefu na vichwa vichache vya kuidai. Jimbo zima lina zaidi ya kilomita 230,000 za barabara za miji na kaunti. Gawanya bilioni 1.5 kwa urefu huo, unapata kama dola 6,500 kwa kilomita.

Zinatosha nini? Tuchukue mji wa mfano wenye watu 100,000 na kilomita 400 za mitaa, kila mtaa na upana wa mita 10. Mgao wake ni dola milioni 2.3. Tuweke pia bei za mfano. Kumwaga uji wa lami na mchanga juu ya mtaa ambao bado mzima, dola 6 kwa mita ya mraba. Kukwangua lami ya juu na kuweka tabaka jipya, dola 42. Kufukua mpaka udongo na kujenga upya, dola 120. Bei hubadilika kwa mwaka na kwa mkandarasi, lakini mwachano wake ni wa namna hiyo.

Kwa uji wa lami, mji unahudumia kilomita 38 kwa mwaka, na mitaa yote inafikiwa ndani ya miaka kumi na kidogo. Kwa tabaka jipya ni kilomita tano na nusu, na mzunguko unachukua miaka 73. Kwa kujenga upya, kilomita hazifiki hata mbili. Mtaa wa mwisho utasubiri zaidi ya miaka 200.

Hapo ndipo wahandisi na wananchi hukosana. Mwananchi anataka mtaa uliooza ushughulikiwe kwanza, na nani atamlaumu? Mhandisi anataka kuanza na mtaa ambao bado unang'aa. Anao mkononi mfumo wa alama kutoka 0 hadi 100, uliobuniwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, na wastani wa mitaa ya California unazunguka 65. Lami haichakai kwa mwendo mmoja. Inashuka taratibu kwa miaka mingi, kisha maji yanapenya kwenye nyufa, msingi unalegea, na mtaa unaporomoka katika miaka michache. Ukiudaka kabla ya hapo unalipa dola 6. Ukichelewa, 120. Mtaa uliokwisha kufa hauongezeki gharama, kwa hiyo unaachwa usubiri. Hesabu hiyo ni sahihi, ila mimi singependa kuwa diwani anayetumwa kwenda kuieleza katika mtaa huo uliokufa.

Na baiskeli je? Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, malori yaliendeshwa usiku na mchana juu ya barabara za majaribio. Kilichopatikana ni kanuni inayotumika mpaka leo: uharibifu wa lami hupanda, kwa makadirio, kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya gari dogo ikibeba kilo 1,000 na gurudumu la baiskeli kilo 50, uwiano ni 20. Pandisha 20 kwa kipeo cha nne, unapata 160,000. Baiskeli haina inachoharibu. Lakini ndiyo inayosukumwa pembeni, pale lami inapokutana na mfereji wa zege. Mshono huo ukiachana kwa upana wa vidole viwili, ukielekea kulekule tairi linakokwenda, dereva wa gari hata hauoni. Mwenye baiskeli anamezewa gurudumu.

Wengi hudhani dawa ni fungu maalumu la baiskeli. Lipo, na linagombewa kama maji ya kioski. Katika awamu ya saba ya fungu hilo la jimbo, baada ya bajeti ya 2024 kulipunguza, maombi zaidi ya 270 yaliomba takribani dola bilioni 2.5, na kilichokuwepo hakikufika milioni 200.

Mimi naona fedha kubwa ya baiskeli imejificha kwenye lile fungu la lami. SB 1 inataja wazi kuwa mgao wa miji unaweza kugharimia pia usalama wa waendesha baiskeli na wanaotembea. Chukua barabara ya upana wa mita 14.4 yenye njia nne za mita 3.6. Lami ikishamwagwa upya, mistari yote imefunikwa, na rangi lazima ipakwe vyovyote iwavyo. Chora njia tatu za mita 3.3, ya kati ikiwa ya magari yanayokata kona. Zinabaki mita 4.5: njia ya baiskeli ya mita 1.5 kila upande, na sentimita 75 za kuitenga na magari. Gharama inayoongezeka ni ya mchoro na rangi kidogo. Machi 2024 wapiga kura wa Los Angeles waliliona hilo: waliamuru kwamba jiji likitengeneza kipande cha barabara cha mita 200 au zaidi, litekeleze papo hapo maboresho yaliyomo kwenye mpango wake wa usafiri.

Upo mtego mmoja. Kwa sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, uji wa lami unahesabiwa kuwa matengenezo tu, lakini tabaka jipya ni mabadiliko, na mabadiliko yanadai ukingo wa njia ya miguu uwekewe mteremko wa kiti cha magurudumu kwenye kila makutano. Kila mteremko ni maelfu ya dola. Bajeti ikibana, vishawishi vya kumwaga uji hata pasipostahili ni vikubwa.

Kabla ya uji kumwagwa, vibarua hupita wakibandika vipande vidogo vya plastiki vinavyong'aa pale mistari ilipo, ili visimame juu ya weusi mpya. Siku chache baadaye inakuja gari ya rangi. Kama mchoro haukubadilishwa ofisini miezi kadhaa kabla, inafuata vipande hivyo kimoja baada ya kingine, njia nne za mita 3.6, hadi zamu nyingine ya mtaa huo itakapofika.