Meno ya Karatu na maji ya volkano

Kijana wa kaskazini akifungua kinywa mbele ya wenzake Dar es Salaam au Dodoma, huanza kukisiwa kwao: Arusha, Karatu, Hai. Wengine hutania tu, wengine humuuliza waziwazi kama huwa anapiga mswaki. Wapo waliozoea kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja, na wapo mabibi harusi wanaobana midomo hata kwenye picha za siku yao kubwa. Aibu hiyo hawakuistahili. Meno yale ya kahawia hayatokani na uchafu, na hakuna mswaki utakaoyarudisha meupe, kwa sababu kasoro yake ilianza jino likiwa bado limejificha ndani ya fizi.

Chanzo ni madini ya floraidi kwenye maji. Karatu imekaa chini ya milima iliyozaliwa na volkano: Oldeani, Lemagarut na kreta ya Ngorongoro yenyewe, ambayo ni mlima uliodidimia zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kaskazini zaidi, Ol Doinyo Lengai ungali hai. Miamba na majivu ya milima hii yana floraidi nyingi, na mvua ikizama ardhini huiyeyusha polepole. Sehemu nyingine za dunia kalsiamu huikamata floraidi hiyo na kuigandisha kwenye mwamba. Huku kwetu maji mengi ya chini yana magadi tele na kalsiamu haba, kwa hiyo floraidi hubaki humo humo mpaka kwenye kikombe. Kisima kirefu, ambacho maji yake yamelala ndani ya mwamba kwa miaka mingi, mara nyingi huwa nayo zaidi kuliko chemchemi inayotoka msituni. Hata hivyo visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kupishana sana, na ulimi hauwezi kutambua. Maji maangavu, baridi, yasiyo na harufu yoyote yanaweza kuwa ndiyo yenyewe.

Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu mikoa ya kaskazini isingepata pa kuchota, na ni mwaka 2018 tu kiwango cha taifa kiliposhushwa kufikia 1.5. Kwa maneno mengine, vijana wengi wanaochekwa leo walikua wakinywa maji yaliyohesabika kuwa halali.

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia yasiyofutika. Alitafuta sababu kwa miaka 30, mpaka mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipopima maji na kukuta floraidi. Uchunguzi huo huo ndio uliofunua kwamba floraidi kidogo huyakinga meno yasioze, na ndiyo sababu imo kwenye dawa za meno. Ikizidi ndipo inapoharibu.

Namna ya kuitambua si ngumu. Simama na mtoto kwenye mwanga wa jua, umwinue mdomo wa juu. Floraidi huacha alama pande zote mbili: jino la kulia na mwenzake wa kushoto hufanana, kwa sababu yalijengwa wakati mmoja. Mwanzoni ni mistari myembamba myeupe kama chaki. Ikiwa ni zaidi, jino zima huwa kama limepakwa chokaa, kisha vijitundu vyake visivyoonekana hunywa rangi ya chai na chakula mwaka baada ya mwaka hadi kugeuka kahawia. Katika hali mbaya kabisa, gamba gumu la jino hubanduka vipande na kuacha vishimo. Jino lililooza lina tabia nyingine: hutoboka sehemu moja, hulainika, na maji baridi au peremende huliuma. Kinachoozesha ni bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, ila tiba zake ni mbili tofauti, na kusugua kwa mchanga au mkaa huondoa tu gamba lililosalia.

Tena maji hayatendi kazi peke yake. Sokoni Karatu utaona mafungu ya magadi, mabonge ya kijivu na meupe, yanayonunuliwa ili maharage na makande yaive haraka. Kuni ni ghali, na sitamlaumu mama anayeyatumia. Lakini magadi hayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na watafiti wa Tanzania wamekuta meno yaliyoharibika hata mahali ambapo maji ni salama, kwa sababu ya magadi hayo. Kuloweka maharage usiku kucha hufanya kazi ile ile.

Anayekunywa floraidi nyingi mno kwa miaka huguswa hadi mifupani: maumivu ya viungo, mgongo unaokakamaa, na kwa watoto miguu inayopinda. Katika kijiji cha Tindigani, wilayani Hai, watafiti walikuta watoto wengi wenye miguu ya namna hiyo.

Kuna lawama nyingine inayoangukia meno bure, nayo inaniuma zaidi kwa sababu inaua. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, wapo wanaosema ana meno ya plastiki, fizi yake ikachokonolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli ili kung'oa kile kijino laini. Kile ni chipukizi la jino la kawaida. Kuharisha kumetokana na vijidudu, homa pengine na malaria au nimonia, na wakati fizi inachanwa, mtoto anazidi kukaukiwa na maji mwilini huku akiongezewa hatari ya pepopunda.

Tiba ya maji ipo, ila wengi huanza na isiyofaa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, inayobaki inakolea zaidi. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Meru, kimetafiti chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa, ambayo huvuta floraidi. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali hapa hapa Karatu, alibuni chujio la mchanga na nanoteknolojia, na mwaka 2015 likamfanya mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi.

Wa kukingwa kwanza ni mtoto, tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8, maana hapo ndipo meno ya ukubwani yanapojengwa. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama yeye anakunywa maji yenye nyingi. Akiachishwa kunyonya, yanafaa maji ya mvua, maana karibu hayana floraidi kabisa. Mtoto akitumia lita 2 kwa siku za kunywa na kupikia uji, mwaka mzima ni lita 730, na tanki la lita 1,000 linamtosha. Paa la bati la mita 30 za mraba hulijaza kwa mvua ya milimita 40 hivi. Yachemshwe kwa ajili ya vijidudu, yawekwe ndoo yake yenye mfuniko, na wakubwa waendelee na maji ya bomba.