Diski Inayokaa Katika Kumbukumbu

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea mambo. Pa kwanza ni diski, ambayo ni kama ghala: ni kubwa, na vilivyomo hubaki hata umeme ukizimika. Pa pili ni kumbukumbu, ambayo ni kama meza ya mwanafunzi: ni ndogo, lakini kila kitu ki karibu na mkono. Nataka kueleza jinsi ya kutenga kipande cha meza hiyo kikawa diski.

Katika chumba chetu tunayo kompyuta moja yenye FreeBSD. Huu ni mfumo huria uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993. Kila mtu aweza kuupata bila malipo, akausoma na kuubadili.

Kazi ina hatua tatu, nayo hufanywa kwa mamlaka ya msimamizi. Kwanza, diski huundwa:

mdconfig -a -t swap -s 64m -u 1

Yaani, iundwe diski ya megabaiti 64, jina lake md1. Aina ya swap ni salama zaidi, kwa kuwa kumbukumbu ikipungua, mfumo huweza kuhamishia yaliyomo kwenye akiba ya diski ya kweli. Aina ya malloc haiwezi hivyo. Ikiwa kubwa mno yaweza kuuangusha mfumo mzima.

Pili, diski hutayarishwa ipokee mafaili:

newfs -U md1

Tatu, hupewa mahali pa kufungukia:

mount /dev/md1 /mnt

Kuiondoa, andika umount /mnt, kisha mdconfig -d -u 1.

Faida yake kwetu ni nini? Kompyuta hiyo ni ya wengi, na mwanafunzi akijifunzia newfs juu ya diski ya kweli aweza kufuta kazi ya wenzake wote. Juu ya md1, akisoma jina mara mbili kabla ya kubonyeza, ataharibu mazoezi yake tu.

Lakini jihadharini! Umeme ukikatika, yote yaliyomo hupotea, wala hayarudi. Insha na kazi za mtihani zisiwekwe humo kamwe.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu waturuhusu kufanya mazoezi haya, wao wakiwa kando yetu. Fundi hujifunza kwa kutenda, na hapa twaweza kutenda bila kumtia mwenzetu hasara.