Mba wa Kichwa: Tusiupake Mafuta, Tuutibu

Kliniki yetu haipitishi wiki bila mgonjwa anayejikuna kichwa na kuona haya kuvua kofia au kilemba. Wengi huja wamechelewa. Wameshaambiwa ni wachafu, wamerogwa, au wana virusi vya UKIMWI. Leo tueleze ugonjwa huu.

MBA NI NINI?
Ngozi ya kichwa hutoa mafuta. Katika mafuta hayo huishi fangasi wadogo sana waitwao Malasezia, na karibu kila mtu mzima anao. Kwa baadhi yetu ngozi haipatani nao: inawasha, inavimba kidogo na kubanduka upesi mno. Mba mwepesi ni magamba meupe makavu. Ukizidi, magamba huwa ya manjano yenye mafuta, nayo huganda kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana mabaka yaliyofifia rangi.

Mba hauambukizi, wala si dalili ya uchafu. Huzidi wakati wa baridi, uchovu na mawazo mengi.

USICHANGANYE NA MAPUNYE
Mapunye huambukiza, huwapata zaidi watoto wa shule, na nywele hukatika na kuacha vipara. Ugonjwa huo huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa. Shampuu peke yake haiuponyi. Mtoto wa shule mwenye magamba na nywele zinazokatika apelekwe zahanati.

KOSA LA MAFUTA
Mtu akiona magamba hudhani kichwa kimekauka, hivyo hupaka mafuta na kulala nayo. Magamba hulainika, yeye anafikiri amepona. Kumbe fangasi hao chakula chao ni mafuta! Baada ya siku chache mba hurudi kwa nguvu. Anayehitaji kulainisha nywele apake kwenye nywele zenyewe, si kwenye ngozi.

MATIBABU
1. Tafuta duka la dawa lenye shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Zipo pia zenye seleniamu au zinki.
2. Lowesha kichwa, paka shampuu hadi ifike kwenye ngozi, subiri dakika 5, kisha suuza vizuri. Anayesuuza papo hapo anamwaga dawa yake.
3. Fanya hivyo mara 2 kwa wiki, kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Mwenye nywele ngumu au zilizowekwa dawa aoshe mara 1 kwa wiki, ili zisikatike.
4. Ukipata nafuu, endelea mara 1 kila wiki moja au mbili. Mba hutulizwa, hauondoki moja kwa moja. Ukirudi, usidhani dawa imeshindwa.
5. Ukisuka, acha njia za kufikia ngozi, wala usikae na msuko mmoja miezi miwili bila kuosha.

Usikwangue magamba kwa kucha wala kwa kitana. Vidonda huingiza vijidudu. Usitumie krimu kali za kupunguza muwasho bila kuandikiwa, kwani hudhoofisha ngozi. Wala usimeze vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya mba: mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitoa onyo kwamba vinaweza kudhuru ini.

KWA MTOTO MCHANGA
Ukoko wa manjano utosini huonekana katika miezi ya kwanza, na kwa kawaida huisha wenyewe kabla ya mwaka mmoja. Si kosa la mama. Hapa mafuta ya mgando kidogo yanafaa: paka, subiri dakika 15, sugua taratibu kwa brashi laini, kisha osha yote yatoke. Usibandue kwa nguvu.

JE, NI UKIMWI?
Watu wengi sana wenye mba hawana virusi. Tusimnyoshee mtu kidole kwa kuangalia kichwa chake! Lakini mba mkali uliozuka ghafla, ulioenea usoni na kifuani na usiosikia dawa, ni sababu nzuri ya kupima. Akionekana na virusi, dawa zipo, na anayezianza mapema na kuzifuata huishi maisha marefu.

Njoo hospitali ukiona usaha, maumivu, tezi shingoni, nywele zinazotoka, au ukikosa nafuu baada ya wiki 4. Penye shida kubwa zaidi tunawapeleka wagonjwa kwa wataalamu wa ngozi, kama wale wa KCMC Moshi.

Nyumbani, tuanze na jambo moja: aliye na mba asichekwe, bali asaidiwe kupata shampuu na maji ya kuoshea.