Msongamano wa Sikukuu: Neno, Hatari Yake na Namna ya Kuukabili

Utangulizi

Penye wengi pana mengi. Methali hii hutajwa mara nyingi pale ambapo watu wengi hukutana na kuzua mambo ya kufurahisha au ya kukera. Katika siku za sikukuu, hata hivyo, miongoni mwa hayo mengi kuna mauti. Makala haya yanakusudia kueleza msongamano wa sikukuu ni nini, hutokea vipi na unaweza kukabiliwa kwa njia gani. Mji wa Webuye, ulioko baina ya Bungoma na Kitale, umechukuliwa kuwa mfano. Hoja kuu inayojengwa ni kwamba msongamano ni suala la lugha kama ulivyo suala la nafasi. Jina linalopewa janga huamua ni nani atakayelaumiwa, na maneno yanayosemwa wakati wa hatari huamua ni nani atakayepona.

Webuye na sababu za msongamano

Webuye, mji ambao katika enzi ya ukoloni uliitwa Broderick Falls, umekaa mahali zinapokutana barabara mbili kuu. Moja hutoka Nairobi na Eldoret kuelekea Bungoma na Malaba, mpakani mwa Uganda. Ya pili hutoka Kisumu na Kakamega kuelekea Kitale. Kwa sababu hiyo, abiria wengi wanaoonekana katika kituo cha matatu si wakazi wa mji wenyewe. Ni wapitaji walioshuka gari moja wakisubiri jingine.

Katika siku za kawaida makutano haya huumudu mzigo wake. Hali hubadilika mwezi wa Desemba, wakati shule zimefungwa na wafanyakazi wa Nairobi, Mombasa na Nakuru wanaporudi mashambani kwa Krismasi. Aidha, katika mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, yaani mwaka unaogawanyika kwa mbili, jamii ya Wabukusu huwatahiri vijana wake, na jamaa husafiri kutoka mbali ili kushuhudia sherehe hizo.

Webuye haina bustani kubwa ya burudani yenye mashine za kubembea kama zilivyo za Marekani. Ina maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia, mahali ambapo familia na vijana huenda kupunga hewa na kupiga picha. Umati unaokuja kujiburudisha kando ya maji yaendayo kasi, juu ya miamba yenye utelezi, unahitaji tahadhari ileile inayohitajiwa na umati wa kituo cha matatu.

Kitenzi -songa na uzao wake

Kabla ya kutafuta dawa ya msongamano, inafaa neno lenyewe lichunguzwe. Asili yake ni kitenzi -songa, chenye maana ya kubana au kukandamiza. Mpishi husonga ugali kwa mwiko mpaka unga na maji vishikane. Katika matumizi ya Kenya kitenzi hichohicho kina maana ya kusogea, na ndiyo maana utingo huwaambia abiria wasonge. Abiria anayeambiwa asonge anaombwa asogee na abanwe kwa wakati mmoja, na kwa kawaida hupata yote mawili.

Kitenzi hiki kinaponyambuliwa hupatikana -songamana. Ndani yake mna viambishi viwili vinavyostahili kuangaliwa: -am-, cha kauli ya kutendama, na -an-, cha kauli ya kutendana. Wako wanasarufi wanaovichukua viwili hivi kuwa kiambishi kimoja, lakini kuvitenganisha kuna manufaa katika mjadala huu. Kauli ya kutendana huonyesha kwamba kila mmoja anambana mwenzake naye anabanwa. Kauli ya kutendama huonyesha hali ya kukaa na kunata, kama katika -gandama na -shikamana. Msongamano basi ni hali ambamo watu wamebanana na hawawezi tena kubanduana. Maelezo hayo yaliyomo katika muundo wa neno yanalingana kwa karibu sana na yale yanayotolewa na wataalamu wa usalama wa umati.

Mkanyagano au msongamano?

Vyombo vya habari vya Kiswahili, vinaporipoti vifo vya watu katika umati, mara nyingi hutumia neno mkanyagano. Neno hili huleta akilini picha ya watu waliopatwa na wazimu wa hofu wakakimbia juu ya miili ya wenzao. Ni kweli kwamba baadhi ya watu huanguka na kukanyagwa. Hata hivyo, wengi wanaokufa katika majanga haya hufa kwa kukosa pumzi. Kifua hubanwa kutoka mbele na nyuma hata kisiweze kutanuka, na baadhi yao hufa wakiwa bado wamesimama.

Wataalamu hupima hatari kwa idadi ya watu katika mita moja ya mraba. Watu wawili katika eneo hilo huweza kutembea, ingawa kwa kupishana. Wanapofika wanne, mwendo huwa wa kuburutana. Kuanzia watano na kuendelea hatari huwa kubwa, na wanapozidi sita umati huanza kwenda kama maji: msukumo mdogo wa upande mmoja husafiri kama wimbi, na mtu hupelekwa asikotaka bila miguu yake kuwa na la kusema.

Mifano ya Afrika Mashariki ni ya kusikitisha. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko mjini Tabora, Tanzania, uliokuwa umejaa kupita kiasi. Tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi 14 wa shule moja ya msingi mjini Kakamega, katika barabara hiyohiyo ipitayo Webuye, walipoteza maisha walipokuwa wakishuka ngazi baada ya masomo. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, watu wasiopungua 9 walikufa jijini Kampala baada ya fataki za mwaka mpya, waliposongana katika njia nyembamba ya jengo la biashara.

Matukio haya yakiitwa mkanyagano, lawama huwaangukia waliokuwamo: walikimbia, hawakuwa na subira, walikanyagana. Yakiitwa msongamano, maswali hubadilika. Mlango ulikuwa na upana gani? Nani aliwahesabu walioingia? Kwa nini njia ya kuingilia ilikuwa ndiyo ya kutokea? Mtoto wa Tabora hakuwa na jibu la maswali haya. Aliyeuza tiketi ndiye aliyepaswa kuwa nalo.

Foleni ni hesabu

Umati hauanzi kwa kishindo. Huanza kwa hesabu ndogo iliyopuuzwa. Chukulia kwamba katika kituo fulani matatu yenye viti 14 huondoka kila baada ya dakika 10. Kwa saa moja abiria 84 watakuwa wamesafiri. Ikiwa wanaofika ni 126 kwa saa, basi 42 watabaki. Baada ya saa nne waliobaki watakuwa 168, na atakayefika mwisho atasubiri saa mbili hata kama hakuna atakayemrukia zamu. Kanuni inayohusisha idadi ya wanaosubiri, kasi ya kuhudumiwa na muda wa kungoja ilithibitishwa kihisabati na Mmarekani John Little mwaka 1961, nayo hufanya kazi Webuye kama inavyofanya kazi kwingineko.

Hesabu hii pia hueleza jambo lililoonekana nchini Kenya baada ya Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa kanuni za usafiri zilizohusishwa na Waziri John Michuki. Kanuni hizo zilidai mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na idadi ya abiria isiyozidi viti. Zilikuwa kanuni za kuokoa maisha. Lakini magari yasipoongezwa siku za sikukuu, abiria ambaye zamani angesongwa ndani ya gari hubaki kusongwa nje yake. Msongamano umehamishwa tu, haujaondolewa.

Hata wenye mali nyingi hawakuzaliwa na ujuzi huu. Bustani ya Disneyland ilipofunguliwa California tarehe 17 Julai 1955, waalikwa walikuwa wapatao 15,000, lakini walioingia walikadiriwa kuwa 28,000, wengi wao kwa tiketi bandia. Bustani za aina hiyo zilijifunza baadaye kupanga foleni za kupindapinda kati ya kamba, kutangaza muda wa kungoja na kufunga lango mapema nafasi inapojaa. Mambo hayo matatu hayahitaji utajiri. Kamba, ubao wa kuandikia na mtu mmoja mwenye kuhesabu hupatikana Webuye pia.

Lugha ya kuokoa

Katika msongamano anayeumia yuko mbele, na anayesukuma yuko nyuma. Wa nyuma hasukumi kwa uovu. Haoni kinachotendeka mbele, na anaona nafasi ndogo imefunguka akaijaza. Tatizo hapa ni la mawasiliano: habari hazisafiri kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo tangazo la “Msisukumane!” halina faida kubwa. Huwakataza watu jambo ambalo kila mmoja anaamini kuwa halitendi yeye.

Tangazo lenye kufaa humtaja anayesemeshwa, humwambia la kufanya, na huwa fupi: “Mlio nyuma, rudini hatua tatu.” Amri hiyo inaweza kupokewa na kupitishwa kinywa kwa kinywa hata pasipo kipaza sauti. Katika makutano kama ya Webuye, ambako Mbukusu, Mtachoni, Mkalenjin na Mteso husubiri gari moja, Kiswahili ndicho kinachoweza kuwafikia wengi kwa pamoja. Lubukusu kikirudia ujumbe huohuo, wazee nao hawataachwa nyuma. Mabango nayo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi: pa kuingilia, pa kutokea, mwisho wa foleni, hatari utelezi.

Mambo ya kuzingatia

Kwa msafiri au mtembezi, tahadhari ya kwanza ni wakati. Anayesafiri siku mbili kabla ya mkesha wa Krismasi, au anayefika Nabuyole asubuhi, huukwepa umati badala ya kupambana nao. Familia ikubaliane mapema mahali pa kukutana iwapo watapoteana, na kila mtoto akariri jina la mzazi na namba ya simu.

Ya pili ni kuitambua dalili. Mtu akiguswa mabega pande zote mbili na kushindwa kuinua mkono hadi usoni, wakati wa kuondoka umekwisha kufika. Aondoke kwa kwenda mshazari kuelekea pembeni, akitumia nafasi baina ya wimbi na wimbi, wala asishindane na msukumo. Mikono aikunje mbele ya kifua ili mapafu yapate nafasi. Ajiepushe na kuta na nguzo. Kilichoanguka kiachwe kilipo, isipokuwa kilichoanguka kikiwa ni mtu.

Ya tatu inawahusu waandaaji na viongozi wa vituo. Njia ya kuingilia na ya kutokea zitenganishwe, milango isifungwe kwa kufuli, na awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema “pamejaa” bila kumwogopa mwenye biashara.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msongamano wa sikukuu una sababu zinazoweza kuhesabiwa na kuzuiwa, na kwamba muundo wa neno lenyewe unaeleza janga hilo vizuri zaidi kuliko neno mkanyagano. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika habari, kutafsiri mabango au kushika kipaza sauti siku ya sherehe ana wajibu katika jambo hili. Akilitaja janga kwa jina lake, atakuwa amewaondolea lawama marehemu na kuwaelekezea swali walio hai. Tahadhari kabla ya hatari, na tahadhari huanza kwa neno lililosemwa mapema, kwa lugha inayoeleweka na mtu wa mwisho kabisa katika foleni.