Moyo Kwenda Mbio Ghafla: Fahamu Maradhi ya Hofu

Mtu yuko ndani ya feri ya Likoni, hana ugomvi na yeyote wala hajaona la kutisha. Mara moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, jasho linamtoka, vidole vinakufa ganzi, na anahisi roho inamtoka. Baada ya muda hali inatulia. Akifika nyumbani, huyu atasema ni jini, yule atasema kuna mkono wa mtu.

Huenda ikawa ni mshtuko wa hofu. Ubongo ukihisi hatari, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi na pumzi huongezeka ili mtu akimbie au apigane. Hapa king'ora hicho hulia pasipo hatari. Aghalabu mshtuko hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha hupungua. Unatisha, lakini wenyewe hauui.

Mshtuko mmoja si ugonjwa. Huwa ugonjwa ukijirudia, na mtu akaishi mwezi mzima au zaidi akiuhofia ujao au akibadili mwenendo wake. Leo hapandi feri, kesho haendi sokoni, keshokutwa haonekani harusini. Kila akikwepa hupata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu.

Ufanye nini? Kwanza nenda hospitali upimwe moyo, damu na tezi ya shingo, kwani kuna maradhi mengine yanayofanana na haya. Maumivu mapya ya kifua yasisubiriwe nyumbani. Daktari akishathibitisha kuwa ni hofu, ikija usikimbie. Keti, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi, na ujikumbushe kuwa itapita. Punguza kahawa, miraa na muguka, maana huupa moyo kasi.

Tiba ipo. Mtaalamu wa saikolojia humrudisha mgonjwa hatua kwa hatua kule alikokukimbia. Zipo pia dawa; nyingine huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na zisiachwe ghafla bila ya daktari. Hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Anayetaka kusomewa dua na asomewe, lakini asikose kumwona daktari.

Nawe jamaa yake, usimwambie "jikaze" wala "unajifanya". Kaa naye, sema naye kwa upole, mpaka dakika hizo zipite.