Kulalamikia Tabia Sugu: Kiambishi hu- na Sauti ya Soko la Karatina

Kiingereza kina njia mahususi ya kulalamikia tabia inayokera. Msemaji hutumia wakati uliopo wa kuendelea pamoja na kielezi chenye maana ya "daima", akasema: "You are always borrowing my pen." Kalamu haiazimwi wakati huo wa kusema; kinachoendelea ni kero.

Je, Kiswahili hulibebaje lalamiko hilo? Wanafunzi wengi hukimbilia kiambishi hu-: "Wewe huazima kalamu yangu." Sentensi ni sanifu, lakini hasira imepungua. Sababu ni mbili. Kwanza, hu- hutaja desturi bila kuihukumu, kama katika methali "Maji hufuata mkondo." Pili, hu- haiandamani na kiambishi cha nafsi, kwa hiyo mlaumiwa hatajwi ndani ya kitenzi.

Hebu sasa tutege sikio katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki. Mteja sokoni aweza kusema: "Wewe unanipandishianga bei!" Kiishio -anga, ambacho husikika kwingineko pia katika bara la Kenya, kinaonyesha mazoea, huku u- ikimnyoshea muuzaji kidole. Kwa msemaji wa Gĩkũyũ muundo huu si mgeni: "nĩathomaga" ni "yeye husoma", na -aga ndiyo inayobeba mazoea.

Katika insha, -anga si sanifu, na mwalimu ana haki ya kuipigia mstari mwekundu. Hata hivyo, akiandika badala yake "Wewe hunipandishia bei", atakuwa ameponya sarufi na kuua lalamiko. Mwanafunzi naye ataondoka akidhani kwamba Kiswahili sanifu hakijui kukasirika. La hasha! Zana zipo:

"Mbona kila nikija unanipandishia bei?"
"Kazi yako ni kunipandishia bei!"
"Hukomi kunipandishia bei!"
"Kila uchao unanipandishia bei!"

Tazama kwamba -na- peke yake haitoshi. "Unanipandishia bei" yaweza kuwa jambo la sasa hivi au la kila siku. Ni "kila nikija" na "kila uchao" yanayogeuza taarifa kuwa shutuma.

Basi tunaposahihisha, tusiishie kufuta. Tumuulize mwanafunzi alitaka kusema nini, kisha tumpe usemi sanifu wenye ukali uleule alioutoa sokoni.